Barua kwa vijana mnaofunga virago

Wanangu na wajukuu zangu mnaojiandaa kuhamia upande wa pili wa nchi,

Nawasalimu nyote. Nawaandikia kwa sababu siku hizi kila ninapogeuka nakutana na mmoja wenu. Huyu kapata kazi mbali, yule kapangiwa chuo, mwingine anamfuata mwenzake, mwingine ameamua tu kwamba hapa pamemtosha. Mnanisimulia mengi kuhusu huko mnakokwenda, na macho yanawang'aa. Lakini nikiuliza leo umekula saa ngapi, jana ulilala muda gani, napata ukimya. Hapo ndipo wasiwasi wangu ulipo.

Maisha yangu ya kazi yote nilikuwa muuguzi, na katika kazi ile barua ya uhamisho ilikuwa ikimkuta mtu wakati wowote. Nimefungasha nikiwa msichana, nimefungasha na watoto wadogo, nimefungasha nikiwa mjane. Nililolishika ni kwamba kinachomwangusha mhamaji mara nyingi si gari wala maboksi. Ni zile wiki za kabla ya safari, ambapo mtu ameacha kuishi alipo na kule anakokwenda bado hajafika. Analala ovyo, anasaini asichokisoma, anawakwepa wanaompenda, kisha anaondoka na mambo nusunusu yanayomfuata kwa miezi.

Mwaka 1967 Thomas Holmes na Richard Rahe, wataalamu wa magonjwa ya akili wa Marekani, walichapisha orodha ya matukio 43 ya maisha, kila tukio na alama zake kulingana na mabadiliko yanayomlazimu mtu ayazoee. Kufiwa na mwenzi wa ndoa kulipewa alama 100. Kuhama makazi, alama 20 tu. Ukiishia hapo utaona kuhama ni jambo dogo. Lakini kuhama hakuji peke yake. Kubadili aina ya kazi ni 36, hali ya fedha kubadilika 38, mazingira ya kuishi 25, maisha ya kijamii 18, usingizi 16, ulaji 15. Jumlisheni pamoja na zile 20 mpate 168, na wataalamu hao waliona kwamba kuanzia 150 ndani ya mwaka mmoja uwezekano wa kuugua unaanza kupanda. Orodha hiyo ni ya zamani na haimpimi kila mtu sawasawa. Hata hivyo inanieleza kwa nini nimewaona vijana wenye afya na akili timamu wakiangua kilio kwa sababu seloteipu imekwisha katikati ya boksi. Si udhaifu, wanangu. Mzigo mnaoubeba ni mkubwa kuliko unavyoonekana.

Kwa hiyo nawasihi muendelee kuishi hapo mlipo mpaka siku ya mwisho. Niliwahi kumtembelea kijana mmoja nikamkuta amekaa sakafuni, anakula juu ya kifuniko cha sufuria. Sahani alishazifunga, vijiko vilikuwa chini ya boksi la tatu, pazia limeshuka, taa ya kusomea imo ndani ya shuka. Nikamwuliza safari lini. Wiki mbili zijazo! Alikuwa amejifukuza nyumbani kwake mwenyewe kabla ya wakati. Nilimfungulia lile boksi, tukatoa sahani moja, kikombe kimoja, kijiko, sufuria na taa, na usiku ule alipika. Anzeni kufunga vile msivyovigusa kwa miezi. Kitanda, jiko na taa viwe vya mwisho kabisa. Na muda wa kulala uheshimiwe, hata kama orodha ya kazi bado ndefu, kwa sababu kazi ya saa nane usiku mtairudia kesho yake.

Sasa nije kwenye karatasi, na hapa nitakaa kidogo. Mali bila daftari hupotea bila habari. Chukueni daftari moja la kawaida, si karatasi zilizotawanyika, muandike kila mnachodaiwa, kila mnachodai na kila ofisi inayotakiwa kujua kwamba mmehama: benki, bima, mwajiri, mamlaka ya kodi, chuo. Vyeti vya asili, kitambulisho, cheti cha kuzaliwa na mikataba visipande kwenye gari la mizigo kamwe. Vikae kwenye begi ambalo halitoki begani mwenu, na nakala zake za picha mjitumie wenyewe kwa barua pepe.

Simu nayo ina mtego wake. Siku hizi karibu kila akaunti inawatambua kwa namba ya simu. Mkitaka kuingia, mnatumiwa tarakimu za uthibitisho kwa ujumbe mfupi. Mtu akifika ugenini akanunua laini mpya na kuitupa ya zamani, baada ya muda kampuni huifunga laini ile, na namba inaweza kupewa mteja mwingine kabisa. Tarakimu zenu zinaanza kumfikia mtu msiyemjua. Ikiwezekana bakini na namba ileile. Ikishindikana, badilisheni namba kwenye kila akaunti wakati laini ya zamani bado iko hewani, maana baadaye mtaombwa tarakimu zinazotumwa kwenye simu isiyokuwepo.

Na kwa kuwa mimi ni muuguzi, mnivumilie kwenye afya. Kabla ya kuondoka, ombeni kumbukumbu zenu za matibabu: chanjo, vipimo, namba za miwani. Anayetumia dawa kila siku aandike jina halisi la dawa na kipimo chake, asitegemee jina la kibiashara peke yake, kwa sababu huko aendako dawa ileile inaweza kuuzwa kwa jina jingine, na mtu akaambiwa haipo ilhali iko rafuni. Aende na dawa za kumtosha wiki kadhaa, mkononi, si kwenye mizigo. Mwenye kisukari anayetumia insulini akumbuke kwamba chupa ambazo hazijafunguliwa hutunzwa kwenye nyuzi joto 2 hadi 8, na insulini iliyoganda kwa baridi haifai tena hata ikiyeyuka. Jino linalouma kidogo litibiwe hapa, kwa daktari anayewajua. Huko mtakuwa na mengine ya kufanya.

Nyumba mnayotoka ina mkataba, na mkataba una muda wa notisi. Usomeni leo. Notisi itolewe kwa maandishi, hata kama mwenye nyumba ni mtu mnayetaniana naye kila jioni. Siku ya kukabidhi funguo, piga picha kila chumba kikiwa kitupu, piga picha na mita za maji na umeme, kisha mtembee pamoja naye chumba kwa chumba. Amana nyingi hupotea kwa sababu mpangaji aliondoka alfajiri akaacha ufunguo chini ya mkeka. Huko mwendako, tapeli anawasubiri mtu wa aina yenu: mwenye haraka, aliye mbali, asiyeweza kuja kuangalia. Picha zitakuwa nzuri, kodi itakuwa ya chini kuliko majirani, na mwenye nyumba atakuwa safarini, ufunguo mtaletewa mkishalipa. Msitume hata senti kabla ya mtu mnayemwamini kuingia ndani ya nyumba ile kwa miguu yake. Kama hamna mtu huko, fikieni pa kulala kwa muda, mtafute nyumba mkiwa hapohapo. Inagharimu kiasi, lakini mtaijua mitaa, mtajua maji yanatoka saa ngapi na kelele zinaanza saa ngapi, mambo ambayo picha haisemi.

Kuhusu fedha, wengi wenu mnahesabu nauli na gari la mizigo, basi. Mnasahau mwezi wa kwanza. Mara nyingi mtalipa kodi huku na huku ndani ya mwezi mmoja, mtalipa amana mpya kabla ya ile ya zamani kurudi, na mshahara huja baada ya kazi kufanyika, si kabla. Pangeni kana kwamba hakuna kitakachoingia kwa mwezi mzima na siku kadhaa. Mwajiri akisema atachangia gharama za kuhama, ombeni aandike, na aandike kama atalipa mapema au atawarudishia mkileta risiti. Tofauti hiyo ndogo imewafanya watu wakope wakiwa na kazi nzuri mkononi.

Mizigo yenyewe sitaisemea sana, nyinyi mna nguvu. Vitabu viwe kwenye maboksi madogo. Mwongozo wa NIOSH, taasisi ya Marekani ya usalama kazini, unaweka kilo 23 kuwa kikomo cha kunyanyua kwa mikono katika hali nzuri kabisa, na ngazi zenu si hali nzuri kabisa. Kunjeni magoti, mzigo uwe karibu na kifua. Andikeni ubavuni mwa boksi, sio juu, maana yakipangwa hamtaona maandishi. Friji izimwe siku moja kabla, barafu iyeyuke, isafirishwe imesimama. Ikibidi kulazwa, iacheni imesimama saa kadhaa kabla ya kuiwasha ili mafuta ya kompresa yarudi mahali pake. Anayepanda ndege, benki ya umeme ya kuchajia simu hukaa kwenye begi la mkononi, kamwe si kwenye mzigo unaokabidhiwa.

Vingine mtoe. Toeni mapema, kwa heshima, vikiwa safi, kwa mtu anayevihitaji. Kumwachia mwenzio takataka siku ya mwisho ukaiita zawadi si vizuri.

Sasa niseme lile linaloniuma zaidi. Vijana wa leo mnajua kusafiri, lakini kuaga kunawashinda. Mnaweka picha ya begi kwenye simu, watu wanajua mmekwenda. Hapana. Kuaga ni kazi, itengewe muda kwenye daftari lile lile. Rudisheni mlivyoazima: kitabu, kamba, sufuria, koti. Lipeni madeni madogo, hata yale ambayo mnadhani mwenyewe ameyasahau; hajayasahau. Kazini kabidhini kwa maandishi, ombeni na barua ya utambulisho wakati bosi bado anawakumbuka vizuri. Msisubiri sherehe moja ya mwisho ya watu wengi, kwa sababu pale hamtaongea na mtu hata mmoja. Mwendeeni mmojammoja, mkae naye.

Na kuna watu wanaowategemea bila nyinyi kujua. Namfikiria mzee jirani ambaye kila jioni unamsomea ujumbe wa simu kwa kuwa macho hayaoni vizuri. Kwako ni dakika chache ukipita mlangoni. Ukiondoka kimya, mzee yule atakaa na ujumbe ambao haujasomwa, na ataona aibu kumwomba mwingine. Kabla hujaenda, nenda naye kwa kijana mwingine wa hapo, watambulishe, wasome pamoja ujumbe mmoja ukiwepo. Mtu wa namna hii yupo katika maisha ya karibu kila mmoja wenu. Mtafuteni.

Yule mliyekosana naye je? Kama mnaweza kuonana, onaneni. Si lazima mpatane kwa kila kitu. Inatosha kumwambia nakwenda, na sitaki tuachane hivi. Anaweza kukataa, na hiyo ni haki yake.

Usiku wa kuamkia safari, laleni. Nasema kwa ukali kwa sababu nimewapokea hospitalini waliofunga mizigo mpaka alfajiri kisha wakashika usukani. Mwaka 1997 watafiti Dawson na Reid walionyesha katika jarida la Nature kwamba mtu aliyekaa macho saa 17 hutenda kazi kama mwenye kiwango cha ulevi cha asilimia 0.05 kwenye damu, na akifika saa 24 ni kama asilimia 0.10. Aliyeamka saa kumi na mbili asubuhi hufikisha saa hizo 17 ikitimu saa tano usiku. Hata mliozoea kukesha, miili yenu ni hiyohiyo. Kama boksi moja halijafungwa, liende wazi.

Mwisho ni wazazi na walezi wenu. Wengine wanawauliza mara kumi kama mmefunga shuka, nanyi mnakasirika. Wanauliza kuhusu shuka kwa sababu la kweli linawashinda kulisema. Wapeni kazi ya kufanya: baba akague mkataba, mama apange begi la dawa, bibi akae na funguo za akiba. Kubalianeni siku ya kupiga simu, na msiahidi kila siku kama mnajua hamtaweza, maana simu iliyoahidiwa ikakosekana inamkesha mtu. Nanyi waulizeni: wanatumia dawa gani, kliniki ni lini, hati za nyumba ziko wapi. Chukueni namba ya jirani anayeweza kuingia kwao usiku wa manane wakihitaji mtu, na mwendeeni jirani huyo mumwombe ana kwa ana, si kwa ujumbe.

Nawaombea safari njema.

Ni mimi bibi yenu, muuguzi mstaafu.