Kikao cha Jumamosi: Tuifahamu Oman

Assalaam aleikum wanabaraza. Kikao ni Jumamosi hii saa kumi alasiri. Tukutane langoni Fort Jesus, si ukumbini tena.

Mada ni Oman, nchi iliyo kwenye mlangobahari wa Hormuz, njia kuu ya meli za mafuta. Waomani waliizingira ngome hii tangu 1696 wakaitwaa 1698, kwa hiyo historia yao ni yetu pia. Tutaanzia Nyumba ya Waomani, mle ndani. Maalim atatueleza madhehebu ya Ibadhi, tawi la Uislamu lililoenea Oman. Wengi wetu ni Sunni, tumsikilize kwa moyo mkunjufu.

1. Kiingilio: kila mtu atajilipia.
2. Kahawa na mahamri: shilingi 200 kwa mweka hazina, mwisho Alhamisi usiku.

Tafadhali jibuni hapa leo: “Nipo” au “Sitaweza”. Shukran sana.