Chanjo za DNA zisiachwe nje ya mipango yetu

Mhariri,

Tangu janga la Corona, Wakenya wengi wamezoea kusikia habari za chanjo za mRNA, yaani zile zinazotumia nakala ya maagizo ya jeni, lakini chanjo za DNA hazitajwi hata pale inapojadiliwa haja ya kutengeneza chanjo humu nchini. Naomba nafasi katika ukurasa wako nieleze kwa nini jambo hili linanisikitisha.

Chanjo nyingi tulizozizoea, kama ile ya ukambi, humwingizia mtu virusi vilivyodhoofishwa. Chanjo ya DNA haina virusi ndani yake. Wataalamu huchagua jeni moja tu, ile yenye maagizo ya kuunda protini fulani ya virusi, wakaipachika kwenye DNA ya mviringo iitwayo plasmidi, ambayo huzalishwa kwa wingi ndani ya bakteria kisha ikasafishwa. Ikishadungwa kwenye msuli au ngozi, baadhi ya seli huipokea, huyanakili maagizo yake ndani ya kiini na kuiunda protini hiyo zenyewe, mithili ya fundi aliyepewa mchoro wa kiti badala ya kiti chenyewe. Kwa kuwa protini inaundwa ndani ya seli, kama inavyokuwa virusi halisi vinaposhambulia, mwili hautoi kingamwili pekee, bali huamsha pia seli T zinazosaka na kuua seli zilizoambukizwa.

Wapo wanaohofia kwamba DNA hiyo itajipachika kwenye vinasaba vya aliyechanjwa. Swali hilo ni la haki na limechunguzwa kwa miaka mingi: plasmidi hukaa kando ya kromosomu, na uwezekano wa kujipachika umeonekana kuwa mdogo kuliko ule wa mabadiliko ya jeni yanayojitokea yenyewe mwilini.

Udhaifu wake wa kweli uko kwingine. Mnamo 1993 watafiti walionyesha kwamba chanjo ya aina hii inaweza kuwakinga panya dhidi ya homa ya mafua, lakini kwa binadamu mwitikio wa kinga ulikuwa hafifu kwa muda mrefu, kwani plasmidi sharti ivuke utando wa seli na kisha ule wa kiini. Nairobi inalijua hilo kuliko miji mingi. Mwaka 2001 watu wa jiji hili walijitolea kujaribiwa chanjo ya DNA dhidi ya Ukimwi, iliyotayarishwa na watafiti wa Chuo Kikuu cha Nairobi na wenzao wa Oxford kwa kufuata aina ya virusi iliyoenea zaidi hapa kwetu, baada ya kubainika kwamba baadhi ya wanawake wa mtaa wa Majengo jijini hawakuambukizwa licha ya kukabiliwa na virusi hivyo mara kwa mara. Chanjo ilionekana kuwa salama, ila kinga iliyoamshwa haikutosha. Waliojitolea wanastahili heshima kubwa kuliko waliyopewa, kwa kuwa matokeo kama hayo ndiyo yaliyowasukuma watafiti kutafuta njia bora za kuifikisha DNA ndani ya seli, zikiwemo mipigo mifupi ya umeme na vifaa visivyotumia sindano.

Agosti 2021 India iliidhinisha kwa matumizi ya dharura ZyCoV-D, chanjo ya kwanza ya DNA kuidhinishwa kwa binadamu, inayopenyezwa kwenye ngozi bila sindano. Katika majaribio ilipunguza visa vya Corona vyenye dalili kwa takriban asilimia 66, na inaweza kukaa kwenye nyuzijoto 25 kwa angalau miezi mitatu, ilhali ile ya Pfizer mwanzoni ilihitaji baridi ya nyuzi 70 chini ya sufuri. Kwa zahanati ya Turkana au Mandera ambako umeme si wa kutegemewa, tofauti hiyo ni kubwa mno.

Kampuni ya Moderna ilisimamisha mpango wake wa kiwanda cha mRNA nchini mwaka 2024. Naiomba Wizara ya Afya pamoja na Taasisi ya BioVax, shirika la serikali la kutengeneza chanjo, zitueleze iwapo uzalishaji wa plasmidi umo katika mipango yao. Plasmidi hizo hizo ndizo kiolezo kinachotumika kutengenezea mRNA, kwa hivyo mitambo ya kuzizalisha na wataalamu watakaofunzwa kuiendesha watatufaa kwa chanjo zote mbili.

Mwalimu wa Baiolojia,
Nairobi