Soma waranti kabla ya kuongeza nguvu ya gari jipya

Mhariri,

Wenye magari mapya hapa Dodoma wanashawishiwa kuongeza nguvu kwa bei nafuu: ea klina ya wazi, ekzosi kubwa, kubadili programu ya kompyuta ya injini. Kabla hujatoa hela, fungua kitabu cha waranti.

Ni kweli mji wetu uko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Hewa ni nyepesi, na injini isiyo na tabo (kifaa cha kusukumia hewa ndani ya injini) hupungukiwa nguvu kwa karibu asilimia 10. Ea klina ya wazi haitibu hilo. Bila boksi lake huvuta hewa ya moto iliyopita kwenye rejeta, pamoja na vumbi letu la kiangazi. Ile ya kupakwa mafuta ni mbaya zaidi: yakizidi, hufika kwenye sensa ya kupima hewa, uzi wake mwembamba unashika uchafu, taa ya injini inawaka na gari linabugia petroli.

Programu ndiyo hatari kubwa. Kompyuta nyingi za sasa hutunza idadi ya mara zilizoandikwa upya. Hata ukirudisha ya awali, mashine ya wakala aliyekuuzia gari huona. Pistoni ikitoboka, gharama ni yako.

Anza na tairi nzuri, upepo upimwe asubuhi zikiwa baridi, pedi bora, mafuta ya breki kila miaka 2. Tunza risiti za sevisi. Wakala naye asikatae dai la shokapu kwa kisingizio cha ekzosi. Mtake akupe sababu kwa maandishi.

Fundi magari,
Dodoma