Mwanangu, hiyo sahani bado iko kwetu

Wete, Pemba

Mwanangu mpenzi,

Asalaam aleikum. Sisi hatujambo, karafuu zimo majamvini na mvua inatuchezea shere, tunaanika tukianua.

Tangu uondoke lile neno halijanitoka. Ulisema, tena kwa sauti, kwamba muuguzi wa nyumba ya pili, kwa kuwa si Mwislamu, "ni dhimi tu, asitupangie mambo ya mtaa". Ukuta wetu unaujua ulivyo. Amesikia.

Chuoni ulifundishwa kwamba dhimma, yaani himaya ya dola ya Kiislamu kwa dhimi, raia wake asiye Mwislamu, ni ahadi, na mzigo wa ahadi hiyo umo shingoni mwa mwenye nguvu. Mafakihi wa madhehebu yetu ya Shafii waliweka jizya, kodi ya dhimi, kima cha chini dinari moja kwa mwaka, tena kwa mwanamume baleghe. Mwanamke hadaiwi. Basi hata ungemrudisha jirani zama hizo, usingepata kitu kwake!

Na ilitozwa kwa nini? Wanahistoria wa Kiislamu wamesimulia kwamba jeshi la Waislamu lilipolazimika kuuacha mji wa Homs, huko Shamu, Syria ya leo, kabla ya vita vya Yarmuk vya mwaka 636, liliwarudishia wenyeji fedha zao, kwa kuwa halikuweza tena kuwalinda. Hapo soma taratibu. Ulinzi ukiondoka, na kodi haipo. Sasa huyu wa kwetu kodi inakatwa kwenye mshahara wake kama inavyokatwa kwenye wako, na usiku ule presha ya mama'ko ilipopanda alikuja mbio na kanga begani. Nani alikuwa chini ya himaya ya nani?

Sikufichi, vitabuni mna mengine mazito: masharti ya mavazi, kuzuia makanisa mapya. Walioyaandika waliishi katika dola za vita na mipaka, na mimi sioni lazima ya kuyabeba hadi Wete. Lakini kabla ya vitabu hivyo kulikuwa na mkataba wa Madina, Mtume alipohamia huko mwaka 622. Mayahudi wa Bani Auf waliandikwa kuwa umma mmoja pamoja na waumini, wao na dini yao, Waislamu na dini yao. Wanazuoni waliokutana Marrakesh, Moroko, Januari 2016, waliushika mkataba huohuo walipozungumzia uraia wa wasio Waislamu. Kwa hiyo usidhani haya ni mambo ya baba'ko aliyezeeka akalegea.

Hata Seyyid Said, sultani wa Zanzibar, mwaka 1844, alimpa Krapf barua ya kuwaagiza maliwali wake wamtendee wema. Na Krapf alikuja kuhubiri Ukristo, wala hakuficha.

Kuna hadithi moja nilikuwa nikikusomea ukiwa mdogo, pengine umeisahau. Abdullah bin Amr, sahaba wa Mtume, alichinjiwa mbuzi nyumbani kwake, akauliza: mmempelekea jirani yetu Myahudi? Akarudia kuuliza.

Muuguzi hajasema kitu. Salamu anatoa, lakini haingii tena ndani, anaishia barazani. Mwezi wa Ramadhani alituletea maandazi, na sahani yake ya maua mekundu bado iko kabatini. Mama'ko alitaka kuirudisha, nimemkataza. Utairudisha wewe ukija, na unajua kwetu sahani ya jirani hairudi tupu, kwa hiyo pita sokoni kwanza ununue samaki wa maana.

Baba'ko