Jina Lilelile, Diski Nyingine: Malalamiko Kuhusu SSD Yenu ya TB 1

Kwa Meneja,
Idara ya Huduma kwa Wateja.

Ndugu Meneja,

YAH: KUUZIWA SSD ISIYOFANANA NA ILE MLIYOIUZA MWANZO KWA JINA HILOHILO

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Hii ni mara yangu ya pili kununua diski hii kwenu, na hapo ndipo nilipowagundua. Ningekuwa mteja mgeni nisingejua kitu. Ningedhani ndivyo ilivyo na ningenyamaza.

Miaka miwili iliyopita mdogo wangu alitaka kuifufua kompyuta yake, nikamtafutia SSD yenu, diski ya chipu isiyo na kitu kinachozunguka, ya umbo la M.2 (kijikadi kinachochomekwa moja kwa moja kwenye ubao wa kompyuta), ya TB 1. Sikununua kwa kusikia. Niliusoma waraka wenu wa vipimo mstari kwa mstari, nikaupakua na kuuhifadhi, na diski ilipofika niliipima siku mbili nzima kabla ya kumkabidhi. Ilinikosha. Kwa hiyo zamu ya kompyuta ya nyumbani kwangu ilipofika, sikuona sababu ya kuanza kutafuta upya. Jina lilikuwa lilelile, boksi lilelile, namba ya modeli ileile herufi kwa herufi. Nikanunua. Kumbe nilikuwa nanunua mbuzi kwenye gunia.

Wiki ya kwanza sikushtuka. Nilihamisha kila kitu kutoka diski ya zamani, ile ya sahani zinazozunguka, kazi ikachukua zaidi ya saa mbili, nami nikailaumu diski ya zamani kwa kuburuza miguu. Baada ya hapo mashine iliyokuwa ikichukua dakika mbili kuwaka ikawa inawaka kwa sekunde 15 hivi. Hilo nawapa haki yenu. Kuwasha kompyuta na kufungua programu ni kazi ya kusoma vipande vidogo vidogo vilivyotawanyika, na SSD haina kichwa cha kusafiri huku na huku kukitafuta kila kipande. Hapo diski yenu haina kasoro.

Mambo yaligeuka binti yangu alipoleta video zake, GB 120, kwenye SSD ya nje ya USB ambayo naijua kuwa ina mbio. Nilikuwa nimesimama nyuma ya kiti chake. Dirisha la kunakili likaonyesha dakika mbili zimebaki. Mstari wa kasi ukaenda umenyooka juu, juu, halafu ukaanguka kama jiwe na kulala chini. Dakika mbili zikawa kumi na mbili. Binti akanigeukia: "Baba, si ulisema hii ndiyo mpya?"

Nikaiazima diski ya mdogo wangu. Nikazipima zote mbili kwenye kompyuta ileile, kwenye sloti ileile, zote zikiwa tupu, kwa programu moja inayoandika GB 300 mfululizo bila kupumzika. (Skrubu ya M.2 iliniponyoka mara mbili na kuviringika chini ya meza. Hilo si kosa lenu, lakini mjue nimehangaika.)

Diski ya mdogo wangu ilianza na karibu MB 2,900 kwa sekunde, ikashuka baada ya muda mfupi hadi 1,100 hivi, ikatulia hapo mpaka mwisho. Ilimaliza kwa dakika nne na ushee. Diski yangu ilianza kwa kasi hiyohiyo na kuendelea nayo kwa GB 210 za kwanza, kisha ikaporomoka hadi MB 95 kwa sekunde na haikuinuka tena. Ilitumia dakika 17. Nilipoijaza robo tatu na kurudia, ile sehemu ya kasi ilibaki GB 50 tu, na ndicho kilichozikuta video za binti yangu. MB 95 kwa sekunde, ndugu zangu! Diski ya zamani niliyoitoa ili kuipisha hii inaandika zaidi ya hapo.

Sikubandua kibandiko kutazama chipu, kwa sababu mmeandika wenyewe kwamba kikibanduliwa waranti imekufa. Lakini kuna programu zinazosoma utambulisho wa chipu bila kugusa kitu. Diski ya mdogo wangu ni ya TLC: kila seli, yaani kile kijichumba cha kutunzia data ndani ya chipu, inabeba biti 3. Yangu ni ya QLC: kila seli inabeba biti 4. Biti moja ya ziada inaonekana ndogo, ila maana yake ni kwamba seli lazima itofautishe ngazi 16 za umeme badala ya 8, na kuziweka sawasawa ngazi hizo ni kazi ya polepole, tena inaichosha seli mapema. Ndiyo maana mnaanza kwa kuandika biti moja moja kwenye seli zilizo wazi, kama kache, yaani eneo la muda la kupokelea data haraka, ili diski ionekane inapaa. Nafasi wazi ikiisha, ukweli unajitokeza.

Si hilo tu. Diski ya kwanza ilikuwa na DRAM yake, chipu ya kumbukumbu ya haraka, mahali pa kutunza ramani ya wapi kila kipande cha data kimelala. Hii yangu haina. Nilipoiuliza kwa amri ya kusoma taarifa zake, yenyewe ilijieleza kwamba inaomba kuazimwa MB 64 za RAM ya kompyuta. Tofauti pekee inayoonekana kwa nje ni toleo la programu yake ya ndani, limechapwa kwa herufi ndogo pembeni mwa kibandiko, na huwezi kuliona mpaka uwe umeshafungua boksi.

Halafu nikarudi kwenye ule waraka wa vipimo niliouhifadhi. Wa zamani unasema diski ya TB 1 inahimili kuandikwa TB 600 ndani ya waranti ya miaka 5. Wa sasa, wenye jina na jalada lilelile, unasema TB 220. Niseme ukweli: TB 220 kwa miaka 5 ni kama GB 120 kila siku, na nyumbani kwangu hatutafika huko hata tukijitahidi. Kwa hiyo silalamiki kwamba itakufa kesho. Nalalamika kwa sababu namba hiyo inaonyesha mlijua. Mtu hapunguzi ahadi yake kwa zaidi ya nusu kwa bahati mbaya.

Nilipowapigia, mhudumu wenu alikuwa mpole na ninamshukuru, ila majibu yake yalinichosha. Alianza kwa kunieleza kwa nini Windows inaonyesha GB 931 badala ya 1,000. Sikuuliza hilo, najua ninyi mnahesabu kwa elfu na Windows inahesabu kwa 1,024. Akaniambia nifomati upya. Nikafomati. Akaniambia huenda ni joto, nifunge kipoza joto. Nikamsomea joto lililorekodiwa wakati kasi inaanguka: nyuzi 52, ambazo kwa diski ya aina hii si joto la kuipunguzia mwendo. Mwisho akasema diski iko ndani ya vipimo, kwa kuwa boksi limeandikwa "hadi MB 3,000 kwa sekunde".

Hilo neno "hadi" mmelitwika mzigo lisiouweza. Diski ya mdogo wangu ni "hadi", na yangu ni "hadi", na moja inamaliza kazi nikiwa bado sijaketi wakati nyingine inaniacha niende kufua nguo na kurudi. Wala msiniambie nikapime kwa zile programu ndogo za kupimia. Niliyoitumia mimi, bila kubadilisha mipangilio, huandika faili la GB 1, ambalo linaishia ndani ya kache, na humo diski zenu zote mbili ni mapacha.

Sina ugomvi na QLC. Mngeiuza kwa jina lake, huenda ningeinunua kwa ajili ya kuhifadhia picha na michezo, vitu vinavyoandikwa mara moja na kusomwa mara nyingi. Ugomvi wangu ni jina. Mteja anayejiandaa kununua diski husoma vipimo vya watu walioitumia, na vipimo vyote vizuri vinavyohusu modeli hii vilifanyiwa ile ya kwanza. Mnaendelea kuvuna sifa za diski ambayo hamuitengenezi tena. Wenzangu wengi hawana diski ya mdogo wao ya kulinganisha nayo, nao wataishia kuilaumu kompyuta.

Ninachodai kwenu ni hiki. Nibadilishieni diski hii kwa ile ya mwanzo, yenye TLC na DRAM, kama bado mnayo ghalani. Kama hamna, nirudishieni fedha yangu yote pamoja na gharama ya kuituma. Sitapokea "inayofanana nayo" wala vocha ya kununulia bidhaa nyingine. Na kwa wateja wanaokuja, hii mpya ipeni namba yake ya modeli, na juu ya boksi andikeni aina ya seli na kasi ya kuandika kache ikishajaa. Namba hiyo mnayo, kwa sababu hakuna anayetengeneza diski asiyeipima.

Nawapa siku 14 tangu mtakapopokea barua hii. Zikipita bila jibu la maandishi, nitalifikisha suala hili kwenye mamlaka ya kulinda walaji, pamoja na nyaraka mbili za vipimo zinazopishana.

Nimeambatanisha nakala ya risiti, picha za vibandiko vya diski zote mbili, grafu za kipimo cha GB 300, na waraka wa vipimo wa zamani na wa sasa. Data zangu nimeshazihamisha na diski nimeifuta. Iko kwenye boksi lake, na skrubu yake nimeibandika kwa selotepu ndani ya kifuniko ili isipotee. Nasubiri maelekezo ya mahali pa kuituma.

Wenu,
Mteja.