Nusu ya jahazi nauza, mbao siuzi

Mhariri,

Msomaji mmoja aliandika katika ukurasa huu kwamba majahazi yaliyolazwa pwani kwetu Lamu, yaliyoanzwa kutengenezwa yakaachwa njiani, yauzwe kwa watengenezaji samani kabla hayajaoza. Hoja yake ni kwamba heri mbao ipate heshima sebuleni kwa mtu kuliko kuliwa na mchwa mchangani. Naomba nafasi nimjibu, kwa sababu jambo hilo limo nyumbani kwetu na tumelijadili hadi usiku wa manane zaidi ya mara moja.

Sisi ni watoto watatu wa nahodha. Baba alitutoka akaacha jahazi juu ya magogo katika kijiji cha Matondoni, kisiwani Lamu, matengenezo yamefika nusu. Alilinunua likiwa kuukuu, limechoka kwa kubeba boriti za mikoko, na watu walimshangaa. Lakini alijua anachonunua. Mkuku wake, ule uti wa mgongo wa chombo, ni wa mti wa mbambakofi, haujaguswa na mdudu. Hanamu yake, mti wa mbele unaopasua maji, imesimama wima kama yalivyo majahazi ya Lamu, hailali mbele kama ya majahazi ya Unguja. Na macho yake mawili ya kuchonga, moja kila upande wa omo, yaani mbele ya chombo, yangali mahali pake.

Baba akamwita fundi. Mbao za ubavuni zilizooza zikabanduliwa, mataruma mabovu, zile mbavu za chombo, yakang'olewa, mapya yakaanza kupandishwa kutoka omo kurudi nyuma. Yalipofika karibu na pale unaposimama mlingoti, baba akaugua. Tezi yote, yaani upande wa nyuma, bado iko na mataruma ya zamani, mengine ukiyagusa kwa kidole yanamung'unyika. Mbao mpya zimenunuliwa nusu. Tanga hakuna, foromali ya kutundikia tanga hakuna, kamba hakuna.

Msomaji yule anasema tuuze. Mnunuzi tunaye. Mfanyabiashara wa samani alikuja akazunguka jahazi, akagonga mbao kwa ngumi, kisha akaenda moja kwa moja kwenye macho. Alitaja shilingi laki mbili kwa chombo kizima. Meza, viti, fremu za vioo, milango ya hoteli, vyote vinatoka humo, na wageni wanapenda mbao yenye alama za misumari na rangi iliyopauka. Simlaumu mtu huyo. Alisema wazi anachotaka na bei yake si ya dhuluma.

Laki mbili hizo, Mhariri, zina hesabu yake. Chombo hiki ni mirathi. Mama yetu yuko hai, kwa hiyo thumni, sehemu moja kwa nane, ni yake. Kinachobaki tunagawana sisi, ndugu zangu wawili wanaume mafungu mawili mawili, nami binti fungu moja. Mama angepata elfu ishirini na tano, kila kaka elfu sabini, mimi elfu thelathini na tano. Nyumba unaweza kuiwekea ukuta katikati, shamba unaweza kulipimia mpaka. Jahazi halikatwi vipande likabaki jahazi. Kwa hiyo njia ni mbili tu: liuzwe wote wapate pesa, au mmoja anunue mafungu ya wenzake.

Kaka yangu mkubwa yuko Mombasa, ana watoto watatu shuleni, na anataka haki yake. Ni haki yake kweli, na nimewakataza watu wa nyumbani kumwita mpenda pesa. Mdogo wetu yuko Muscat. Yeye amesema fungu lake libaki chomboni. Mama amesema atafuata tutakalokubaliana, lakini kila akisikia habari za meza hunyanyuka akaenda jikoni.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi. Sikulelewa baharini kama wanaume wa kwetu, ila nimekaa na baba pwani miaka mingi nikimsomea orodha ya vifaa, na nimesikiliza. Nilichojifunza ni kwamba swali la kuuza au kubaki nalo tunalianzia pabaya. Kila mtu huanza na pesa: mbao kiasi gani, tanga kiasi gani, tutapata wapi. Hayo ni ya kweli, na kazi iliyobaki ndiyo inayokula pesa zaidi, kwa sababu ubavu ndio watu wanaouona, ila kalafati ya kuziba nyufa, deheni ya kupaka chini, kamba na tanga hakuna anayevihesabu mpaka siku ya kulipa. Lakini kabla ya pesa kuna fundi.

Fundi wa majahazi wa Matondoni hachori. Hana karatasi yenye vipimo ambayo ukiichukua utampa mwingine aendelee. Hupima kwa kamba, kwa mkono na kwa jicho. Akisimama nyuma ya chombo na kufumba jicho moja anajua taruma lijalo liinamie wapi, kwa sababu yeye ndiye aliyepandisha lililotangulia. Ukimwondoa katikati ya kazi, atakayekuja ama ataling'oa alilokuta, ama atalazimisha umbo lake juu ya umbo la mwenzake. Ni kama kanzu iliyokatwa na fundi mmoja ukampelekea mwingine aishone. Nimewauliza mafundi wawili wengine. Wote walinijibu kwa adabu, na wote walikataa.

Fundi wetu ni mzee sasa. Vijana wake wamehamia boti za faiba zenye mashini, na huko ndiko kuliko wateja. Mjukuu wake mmoja bado humshikia keekee ya kutobolea mbao. Nilipomwendea kumuuliza kama ataweza kumaliza, hakusema habari za malipo. Aliniambia, "Mwanangu, mimi nitashuka pwani maadamu miguu inanichukua. Lakini usiningoje mimi nikungoje wewe." Tangu siku hiyo nimeacha kuhesabu pesa kwanza.

Hapo ndipo ninapotofautiana na msomaji yule, na pia na wale wanaosema mali ya marehemu haiuzwi. Yeye anaona chaguo ni kuoza au meza. Wao wanaona kulibakiza ni heshima. Lakini jahazi lililobakizwa bila kazi haliheshimiwi, linauawa taratibu. Nieleze kidogo, maana familia nyingi za pwani zina chombo cha namna hii na hazijui kinavyokufa.

Mbao ya chombo imezoea chumvi. Maji ya bahari huihifadhi, ingawa humo mna mdudu anayeitoboa, na ndiyo sababu mabaharia hulipandisha jahazi, wakalichoma chini kwa makuti makavu, wakalipaka deheni ya chokaa na shahamu. Maji ya mvua ni adui mwingine. Masika ikinyesha, maji matamu yanaingia, yanakaa ndani ya ngama, tumboni chini kabisa mwa chombo, na kuvu inaanza kazi pale mkuku unapokutana na mataruma, mahali ambapo hupaoni. Kisha kaskazi inakuja na jua lake. Mbao zinakauka, zinasinyaa, pamba ya kalafati inalegea na kuanguka yenyewe, nyufa zinaachama hadi unaona mchana kutoka ndani. Misumari inashika kutu na kuivimbisha mbao iliyo kandokando yake. Misimu michache ya hivyo, na hata mtengenezaji samani hatarudi.

Kwa hiyo yeyote ambaye hajaamua, angalau afanye haya leo: azibue tundu la chini ili mvua isikae, alitilie paa la makuti, na alirushie maji ya bahari ubavuni nyakati za jua kali. Baba alikuwa akilipa watoto wa jirani wafanye hivyo jioni. Mimi naendelea, na ndiyo maana upande uliotengenezwa bado umebana.

Kuna swali la haki ambalo msomaji aliliuliza vizuri: jahazi likimalizwa litafanya kazi gani? Boriti zilizolea majahazi makubwa ya Lamu zilikuwa zikienda Arabuni na Ghuba, na biashara hiyo ilifungwa Serikali ilipozuia kuuza boriti nje mwaka 1982. Ni kweli hakuna wa kuturudishia hiyo, na kwa jinsi mikoko ilivyokwisha sehemu nyingine sitaki irudi. Lakini mawe ya kujengea bado yanatoka Manda. Mchanga na saruji bado vinavuka kwenda Pate na Faza. Wageni wanapanda vyombo vya tanga, na wanalipa. Jahazi lililo zima halikosi mzigo Lamu. Linalokosa ni lile lisiloweza kushuliwa majini.

Wala ujuzi haujafa. Mwaka 2018 mafundi wa hapa hapa walitengeneza Flipflopi, chombo cha plastiki iliyookotwa na ndara chakavu, na mwaka 2019 kikasafiri kwa tanga hadi Unguja. Watu wa mbali walikuja kushangaa. Kama mikono hiyo imeweza kuunda chombo kwa takataka, itashindwaje kumalizia cha mbambakofi? Kinachokosekana ni sisi wenye vyombo kufanya uamuzi wakati mikono hiyo ingalipo.

Kwenye mbao ndiko kugumu zaidi. Taruma haliundwi kwa mbao iliyonyooka. Linataka tawi lililopinda lenyewe, la mikoko kama mlilana au mkomafi, ili nguvu ya mti ifuate mzunguko wa chombo. Ukataji miti ulipopigwa marufuku katika misitu ya umma Februari 2018, kupata tawi la namna hiyo kwa njia ya halali kulikuwa safari ndefu kwa fundi mdogo. Naunga mkono mikoko kulindwa. Samaki wetu wanazaliwa humo. Ombi langu kwa wanaohusika na misitu ni dogo: wamtenganishe anayetaka matawi machache ya kupinda kwa ajili ya chombo kimoja, fundi wake anajulikana na kijiji chake kinajulikana, na anayetaka shehena ya boriti za kuuza.

Na kwa wanaohusika na turathi nina neno. Mji Mkongwe wa Lamu uliingia katika orodha ya UNESCO mwaka 2001. Leo ukitaka kubomoa ukuta wa nyumba ya mawe ya zamani utaulizwa maswali, na ni sawa uulizwe. Ukitaka kupasua jahazi ubao kwa ubao, hakuna anayekuuliza. Mji huo ulijengwa kwa mizigo iliyoletwa na vyombo. Mtepe, chombo cha kale cha mbao zilizoshonwa kwa kamba, tulishaupoteza, wajukuu wetu wanauona kwa mfano tu makumbusho. Nyumba ya mawe bila jahazi pwani ni historia iliyokatwa kichwa.

Sasa niseme tulilofikia nyumbani. Laki mbili za mbao tumezikataa. Kaka yangu wa Mombasa nitamlipa elfu sabini zake kwa bei ile ile ya mnunuzi wa samani, ili asiseme mapenzi yetu yamempunja; ameridhia nimlipe kwa awamu tatu. Mama na mdogo wangu wameacha fungu lao humo. Lakini mshahara wa mwalimu haumalizi jahazi, na sitaki kuwa mmoja wa wanaongoja hadi fundi afe.

Kwa hiyo nauza nusu ya chombo. Siuzi kwa mwenye pesa tu, nauza kwa nahodha. Nusu ya bei anaweza kuilipa kwa kazi na vifaa: tanga, foromali, kamba, na mabaharia wa kushika mbao wakati fundi anapiga misumari. Siku ya kushua tutakuwa washirika, na mapato tutayagawa kwa desturi ya pwani, fungu la chombo kwanza, kisha la nahodha na la mabaharia. Alikwishatokea nahodha mmoja aliyetaka kulinunua zima kwa laki moja na nusu. Tulimwambia hapana wakati ule kwa sababu hakutaka fundi wetu, alitaka kulipeleka kwingine likakatwe kimo litiwe mashini. Kama amebadili nia, mlango uko wazi kwake kuliko kwa mgeni.

Sharti ambalo silegezi ni fundi. Atakayeingia nami akubali kazi imalizwe na mzee aliyeianza, na mjukuu wake alipwe kama fundi, si kama kibarua, ili akimaliza awe ameshika mataruma ya chombo kizima kutoka omo hadi tezi. Macho hayabanduliwi. Mengine yote, hata rangi na jina, tunaweza kuzungumza.

Aliye tayari afike Matondoni bamvua lijalo, bahari ikijaa sana, aulize pwani, ataonyeshwa. Mazungumzo tutayafanya palepale mbele ya fundi, kwa sababu yeye ndiye atakayetuambia kama kazi inaweza kwisha kabla ya kaskazi kuingia.

Binti wa Nahodha,
Lamu