Dawa ya maumivu haiondolewi kwenye bili

Mteja akipewa makadirio ya kumfunga paka wake kizazi, mstari anaouliza kwanza huwa ni wa dawa ya maumivu. "Daktari, si atakuwa amelala? Hii tuiondoe." Tunajua hela ni ngumu, na kwenye mengine tunaongea. Hili hatuliondoi.

Kulala ni jambo moja, kutosikia maumivu ni jingine. Gesi ya isoflureni humlaza mnyama vizuri sana, ila haitulizi maumivu. Ukimpasua kwa gesi peke yake hatalia wala hatatikisika, lakini ovari ikivutwa tu, mapigo ya moyo yanapanda na pumzi inakwenda mbio. Mwili umepata habari. Mishipa ya fahamu ikishachokozwa namna hiyo hubaki na wepesi wa kuuma, na mnyama akizinduka hata dawa kali huhangaika kumtuliza. Kwa hiyo sindano ya maumivu tunaichoma kabla ya kisu. Tunaongeza ganzi ya lidokeini pale panapokatwa, kisha anaondoka na dawa ya siku chache iliyopimwa kwa uzito wake. Faida nyingine ni kwamba mnyama aliyetulizwa maumivu anahitaji dawa kidogo zaidi ya usingizi, na moyo wake unapata nafuu.

"Mbona halii?" Mara nyingi paka halii. Paka anayeumwa anajificha chini ya kitanda, anakunja mgongo, anafumba macho nusu, anaacha kujilamba. Mbwa hukataa chakula, hubadilisha mlalo kila mara, au humng'akia mtoto aliyemzoea. Ukiyaona haya nyumbani baada ya upasuaji, tupigie.

Lakini usimpe dawa yako. Hapa tunaomba mtusikilize sana. Ini la paka haliwezi kuivunja parasetamoli kama ini la mtu linavyoivunja. Kidonge kimoja cha Panadol cha miligramu 500 kinaweza kumuua. Damu inashindwa kubeba oksijeni, ufizi unageuka rangi ya kahawia au buluu, uso na miguu inavimba. Diklofenaki na ibuprofeni nazo humtoboa mbwa tumbo na kumharibu figo. Kama ameshameza, usisubiri kuona dalili. Mlete saa hiyo hiyo pamoja na pakiti ya dawa, na useme ukweli. Hakuna atakayekugombeza.

Ukweli huo huo tunauhitaji kuhusu chakula. Mbwa au paka mkubwa ale mara ya mwisho usiku wa kuamkia upasuaji. Maji anaweza kunywa hadi asubuhi. Akilala na tumbo limejaa anaweza kutapika, na matapishi yakaingia kwenye mapafu. Kama watoto wamemtupia ubwabwa alfajiri, sema tu, tutapanga siku nyingine. Watoto wa mbwa na wa paka hawaachishwi kula usiku kucha kwa sababu sukari yao hushuka haraka, tutawapangia saa. Sungura haachishwi kula kabisa: hawezi kutapika, na utumbo wake ukisimama ni hatari kubwa.

Wafugaji hushangaa tunapompasua ng'ombe akiwa amesimama, kwa ganzi ya ubavuni. Ng'ombe aliyelazwa kwa dawa ya usingizi anashindwa kucheua na kutoa gesi. Tumbo linajaa na kuyabana mapafu. Kwa mtoto wa mbuzi anayechomwa pembe ganzi ni lazima, ila ipimwe kwa uzito, maana lidokeini ikizidi humtia degedege. Anayekuja kuchoma pembe bila ganzi, au kwa ganzi ya kukisia, msimruhusu zizini.

Jambo la mwisho linalowaudhi wengi ni kusubiri. Upasuaji umekwisha, mbwa anainua kichwa, mwenyewe anataka kuondoka kabla foleni haijaanza. Uchunguzi mkubwa uliofanyika Uingereza kati ya 2002 na 2004 ulikuta kwamba vifo vinavyohusiana na nusu kaputi ni vichache, takribani asilimia 0.17 kwa mbwa na 0.24 kwa paka, lakini vingi kati yake hutokea baada ya upasuaji, hasa saa 3 za kwanza. Saa hizo tunataka ziwe mikononi mwetu. Tunampima joto, maana mwili hupoa sana chini ya nusu kaputi, tunamfunika, tunaangalia ufizi na pumzi, na tunamruhusu akiweza kusimama mwenyewe.

Siku ya upasuaji mlete asubuhi, mbwa kwa kamba na paka ndani ya kreti. Tutampima uzito mbele yako, tutasikiliza moyo wake, na kama ni mzee tutaomba kipimo cha damu kuangalia figo na ini kabla ya kuchagua dawa. Tuachie namba ya simu utakayoipokea.